Nesi na Bahari, sehemu ya 6: Nta si ya kung'arisha

Mlionifuatilia tangu sehemu ya kwanza mnajua nimeazima mbao za watu miaka miwili. Sasa ninao wangu, mpya kabisa, futi 7 na nusu. Hela ya mchezo wa wodini imeishia hapo yote, na kusi ndiyo hiyo imeshaanza, mawimbi ya Kigamboni yanaita. Kwa hiyo leo siongelei presha wala sukari. Naongelea jinsi ya kuutunza ubao ili hela isizame, na ili usimuumize mtoto wa mtu majini.

Tuanze na nta, maana hapo ndipo watu wanapochanganya. Jirani aliniona nasugua akacheka, "Shosti, si utateleza zaidi?" Anadhani ni kama ya gari. Hapana. Nta ya ubao haipakwi chini panapogusa maji, inapakwa juu, unapolala na kusimama. Kazi yake ni kushika miguu. Ubao mpya ni laini kama kigae cha bafuni chenye sabuni, ukisimama bila nta unaanguka, na ukianguka vibaya unaangukia mapezi.

Paka asubuhi, kivulini, ubao ukiwa wa baridi. Futa vumbi la kiwandani kwa kitambaa safi chenye spiriti kidogo, subiri ukauke. Safu ya kwanza ni nta ngumu. Sugua kwa viduara vidogo na mkono mwepesi, usikandamize kama unamchua mgonjwa mgongo. Ukikandamiza inatandazika tu. Tunachotafuta ni vinundu, vile vipele vidogo vidogo unavyovihisi ukipitisha kiganja. Vikishatokea, pitisha safu ya pili ya nta laini zaidi, kisha mwagia maji ya baridi ishike. Ubao mrefu kama wangu unapakwa kuanzia mkiani hadi karibu na pua. Mfupi, wengi wanaacha sehemu ya mbele.

Nta zinauzwa kulingana na joto la maji. Bahari yetu ni ya joto mwaka mzima, kwa hiyo chukua ile ya tropiki. Ukiletewa zawadi nta ya maji baridi kutoka Ulaya, shukuru, halafu usiipake. Itakuwa uji.

Wapo wanaopika yao: nta ya nyuki, mafuta ya nazi kidogo. Inawezekana, na nta ya Tabora ni nzuri sana. Ila mafuta ya nazi yakizidi, kwa joto letu, umetengeneza losheni. Na tafadhali, nta isikae moja kwa moja juu ya moto. Weka kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta ikizidi joto inawaka, na ikikumwagikia inang'ang'ania ngozi huku inaendelea kuunguza. Ikitokea, maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, kisha hospitali. Usiibandue nta iliyoganda kwenye ngozi. Dawa ya meno, yai, unga, achana navyo. Nimeshavisafisha sana kwenye vidonda vya watu.

Haya, jua. Ubao ni povu lililovalishwa ngozi ya faiba. Ukiuacha kwenye gari lililofungwa mchana, hewa iliyomo ndani inatanuka, ngozi inaachana na povu, unatunga lengelenge. Lengelenge la mtu linapona lenyewe, la ubao haliponi. Mimi nimeshonesha kava la blanketi kwa fundi cherehani, nje nikaweka kitambaa cheupe, maana cheusi kinavuta joto. Ufukweni naulaza kivulini juu ya khanga, upande wa nta usitazame jua. Kwenye bajaji unatoka nje kidogo, kwa hiyo pua na mkia nimevifunga taulo.

Mapezi mapya huwa na ukingo mkali. Chukua msasa laini, pitisha taratibu hadi ukingo uwe butu kidogo. Mwendo hautaupungukiwa kwa kiwango chako wewe na mimi, jamani. Tumeshashona vichwa na mapaja ya kutosha. Kamba ya mguu nayo ikague kila siku kabla hujaingia. Ikiwa na mkato hata mdogo, badilisha, kwa sababu ikikatika ubao unaenda na wimbi kuwavaa watoto wanaoogelea pale mbele.

Sasa kidonda. Siku moja utagonga mwamba, ngozi itapasuka. Toka majini palepale, hata kama mawimbi ni matamu, maana povu linanywa maji na litageuka manjano. Suuza kwa maji baridi chumvi itoke, uweke kivulini tundu likitazama chini, siku kadhaa mpaka ukauke kabisa. Mnajua wodini hatufungi kidonda chenye usaha, tukifunga tunaufungia ndani. Hapa ni hivyohivyo: ukiziba ubao wenye maji, umeyafungia.

Kwa kuziba, fundi wa boti za faiba pale wanaposhushia samaki anaweza. Watu wa pwani wamekuwa wakiziba vyombo kwa kalafati na pamba tangu enzi, hawashindwi na tundu la kidole. Lakini muulize kwa heshima, "Fundi, hiyo gundi ni ya aina gani?" Kuna mbao zenye povu jeupe la vipunje, kama lile la kufungia televisheni mpya. Gundi ya kawaida ya boti, poliesta, inaliyeyusha povu hilo, utaona shimo linakua mbele ya macho yako. Hilo linataka epoksi. Kwa hiyo siku ya kununua uliza povu ni lipi, na uandike mahali. Mimi nimeandika kwa kalamu ya wodini ndani ya kava.

Nta ikichakaa na kuwa laini tena, ikwaruze kwa kitana uirudishie vinundu. Ikiwa chafu kabisa, weka ubao juani dakika chache tu, kisha kwangua kwa kadi ya plastiki. Yangu ni kadi ya bima iliyoisha muda, hatimaye imepata kazi.

Sehemu ijayo: mwiba wa taa, na kwa nini mguu unauingiza kwenye maji ya moto.