Zipu ya Kujificha

Mama alishona sare za shule, na zipu zake zilionekana waziwazi. Zilitakiwa kudumu, basi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili nikaanza kushona magauni, na wateja wangu wote wanataka ile zipu ya kujificha. Mgongoni uone mshono tu.

Kazi yenyewe iko kwa pasi. Unafungua zipu, unaigeuza, unapitisha pasi ya moto mdogo hadi meno yaliyojikunja yalale. Halafu unailaza kifudifudi juu ya upande mzuri wa kitambaa na kushona kutoka juu, sindano ikipita karibu kabisa na meno bila kuyakanyaga. Upande wa pili vivyo hivyo. Mshono wa chini unafungwa mwisho. Na kama ni kitenge cha maua, pima tena, manake ua likipishana hapo katikati ya mgongo, kila mtu ataona.

Mdogo wangu anahitimu mwezi ujao. Gauni ni langu. Ameniomba nisiweke lebo, ati wakiuliza atasema alilinunua tao.

Nimemwambia poa. Ila siku hiyo aniite nimfunge mwenyewe, hapo kiunoni mishono inapokutana zipu hukwama ukiivuta kwa haraka.