Vivuli vya Wachezaji

Mara ya kwanza nilipofika Ruharo sikufuata kompyuta. Ilikuwa 2014, nimemshika mama mkono tumetoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na mtoto wa jicho alikuwa amemfunika kiasi kwamba alinitambua kwa sauti. Kwenye kituo cha macho cha hospitali ya misheni walimtoa lenzi yenye ukungu, wakamwekea ya plastiki. Asubuhi ya kufunguliwa bandeji nilitoka kumtafutia chai, na nikirudi nayo nikapita mbele ya kibanda cha fundi kando ya barabara ya Bushenyi. Mezani palikuwa na kompyuta iliyofunguliwa ubavu, nyaya zote nje, na kwenye skrini gari lilikuwa likikata kona za mji ambao haupo popote duniani. Nilisimama hapo hadi chai ikapoa.

Mpaka siku ile, geimu kwangu ilikuwa banda la Base Camp, kulekule Nakivale. Tulivuka mpaka wa Bunagana kuingia Uganda mwishoni mwa 2008, vita ya waasi wa Nkunda ilipotufikia kule Rutshuru, Kongo, nami nilikuwa na miaka 11. Ndani ya banda mlikuwa na televisheni moja yenye kisogo, PlayStation 2, na jenereta ikinguruma nyuma ya turubai. Mechi moja shilingi 200, aliyefungwa anapisha. Mkongo na Msomali wasiojua neno la lugha ya mwenzake walibishana penalti kwa mikono na wakaelewana. Hakuna aliyeuliza ndani ya lile boksi mna nini. Diski ikikwama tuliipangusa kwa shati, basi.

Kompyuta ya yule fundi ilikuwa inafunguka. Hicho ndicho kilichonishika.

Mwaka 2017, baada ya miaka mitatu ya kubeba mizigo na kuuza vocha, nilinunua kwake Dell OptiPlex 7010, mashine ya ofisi iliyokwishatumika. Prosesa yake ilikuwa Core i5-3470 ya 2012, ramu gigabaiti 8, kadi ya grafiki hakuna. Picha zilichorwa na prosesa yenyewe, kwa kile kisehemu kidogo kiitwacho HD 2500. GTA San Andreas ilicheza vizuri. PES 2013, ile ya mpira, ilicheza kwa sharti: tuzime vivuli, tupunguze na watazamaji. Nikafungua chumba changu cha geimu Nakivale, benchi mbili na paneli za sola juu ya bati.

Mama alikuja jioni moja kuniletea chakula. Akasimama nyuma ya watoto, akaangalia mpira muda mrefu.

“Mwanangu, hawa watu wanakimbia juani. Vivuli vyao viko wapi?”

Mimi niliyevizima kwa mkono wangu nilikuwa nimeshasahau kwamba havipo. Swali lake lilinikalia. Nikaanza kuweka akiba.

Vijana nao walitaka GTA V, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2015, na kila mmoja alikuwa na ushauri wake: nunua prosesa, nunua kadi, nunua vyote. Nilipakia mashine kwenye boda, kisha kwenye teksi, hadi Ruharo. Mzee fundi hakufungua hata skrubu. Alinionyesha jambo ambalo hadi leo namfundisha kila anayeniuliza. Tuliwasha GTA V, ikatoa fremu 14 kwa sekunde. Akashusha ukubwa wa picha hadi 800 kwa 600. Zikapanda hadi 24.

“Umeona? Tumempunguzia mchoraji kazi, mwendo umepanda. Basi anayekuchelewesha ni mchoraji. Kama zingebaki zilezile 14, ningekwambia lawama ni ya prosesa.”

“Kwa hiyo kadi, Mzee?”

“Kadi. Lakini si kadi yoyote. Pawa saplai hii ni ya wati 275 na haina waya wa kadi.”

Hapo ndipo nilipojua GTX 1050 Ti. Ilitoka 2016, ina gigabaiti 4, na inakula wati 75 tu, umeme ambao tundu lake kwenye mazabodi linaweza kuutoa peke yake. Nilipata iliyotumika mwanzoni mwa 2019. Usiku wa kuifunga niliwasha PES kwanza, si GTA, nikarudisha vivuli. Nikamwita mama. Aliwatazama wale wachezaji, kila mmoja na kivuli chake kikimfuata miguuni, akasema, “Sasa ni watu.”

Machi 2020 korona ilifunga kumbi zote. Tulipofungua tena, udhaifu ulikuwa umehamia upande wa pili: ukiendesha gari kwa kasi ndani ya GTA V picha inaganda nusu sekunde, na ukitazama, prosesa iko asilimia 100 huku kadi ikipumzika. Nilirudia jaribio la Mzee. Nilishusha picha, fremu hazikusogea. Safari hii sikuhitaji kwenda kuuliza, nilikwenda Ruharo kununua. Prosesa ya Core i7-3770 inaingia tundu lilelile la i5, ina viini vinne kama ile ya zamani, ila kila kiini kinashika kazi mbili. Tulisafisha, tukapaka dawa mpya ya joto, ikawaka. Kuganda kulikwisha.

Swali la nini kibadilishwe lilirudi mwaka 2025, na safari hii lilikuwa kubwa kuliko yote. Vijana walitaka geimu ya mpira ya EA Sports FC. Windows 10 ilikoma kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa ya umri huu. Mazabodi yangu haina pa kupanda tena: i7 ile ndiyo karibu mwisho wa tundu lake. Kubadili prosesa sasa ni kubadili mazabodi, ramu na pawa saplai, na kijana anayemsaidia Mzee alinipigia hesabu pamoja na kadi ya RTX 3060. Fedha ningeweza kuzipata kidogo kidogo. Nilichouliza ni wati. Kadi ile peke yake ni 170.

Nikakaa na kalamu. Betri zangu zilikuwa mbili za volti 12, kila moja ampea-saa 100. Hizo ni wati-saa 2,400, na betri za namna hii ukizivusha nusu unaziua, kwa hiyo zangu halali zilikuwa 1,200. Mashine niliyonayo pamoja na skrini inakula kama 150 ikiwa mchezoni: saa nane, au saba ukitoa kinachopotea kwenye inveta. Mashine mpya ingekula kama 300. Saa nane zinakuwa nne, na watoto wanaotoka shule jioni wangekuta mlango umefungwa.

Sikununua. Ile akiba ilinunua betri ya tatu na paneli moja zaidi, nikazifunga Novemba. 1050 Ti bado iko kwenye tundu lake, na siku hizi tunafunga mlango saa nne usiku.