Kuni za Uchagani

Wahenga walinena kwamba kuni zilizo uchagani huzicheka zilizo motoni. Kwetu Ukerewe kicheko hicho kimepungua. Dagaa huanikwa, jua likamaliza kazi. Lakini sangara, aliyeletwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, ana mafuta mengi. Jua halimwezi, hutaka moto na moshi. Hivyo miti ya pwani ya ziwa ikamfuata jikoni. Mama mdogo, anayeishi kwa kubanika samaki, hupanga kuni zake kwa nafasi ili upepo upite, kwani kuni mbichi humliza mpishi. Zamani alizikata nyuma ya nyumba; leo hununua kila mtita. Tusipopanda miti, sangara atabaki na mafuta yake, nasi na uchaga mtupu.