Posa Imekuja: Je, Pesa Anazipata Wapi?



Posa ikifika nyumbani, sisi wanawake tuna maswali yetu. Ni mtoto wa nani? Anaswali? Ana nyumba au mtapanga? Mahari kiasi gani, na sandukuni mtatiwa nini? Lakini lipo swali moja ambalo mara nyingi hupita haraka: pesa anazipata wapi? Tukijibiwa "ni mfanyabiashara," mazungumzo huhamia kwenye ukumbi na sare.

Leo tutalitazama swali hilo kupitia mtu wa mbali sana na visiwa vyetu, Al Capone, jambazi mkuu wa Chicago. Filamu humwonyesha na bunduki na sigara. Sisi tunataka kumtazama akiwa mume wa mtu.

Alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1899, mtoto wa kinyozi aliyehamia kutoka Italia. Mwisho wa mwaka 1918, akiwa na miaka 19, alimwoa Mae Coughlin, binti wa familia yenye asili ya Ireland. Mwaka 1920 Marekani ikapiga marufuku kutengeneza na kuuza pombe. Kiu ya wanywaji haikupigwa marufuku, na hapo ndipo watu kama Capone walipoiona pesa. Huko Chicago alifanya kazi chini ya Johnny Torrio: pombe ya magendo, nyumba za kamari, nyumba za ukahaba. Mwaka 1925 Torrio alipigwa risasi, akanusurika, akaamua kuondoka na kumwachia Capone biashara yote. Capone alikuwa na miaka 26 tu.

Sasa sikilizeni hili. Kadi yake ya kazi ilimtambulisha kama muuza samani kuukuu. Hilo ndilo jibu ambalo wazee wangepewa siku ya posa, na hata wangeridhika. Kumbe watu walikuwa wanauawa. Tarehe 14 Februari 1929 wanaume saba walipangwa ukutani ndani ya gereji moja ya Chicago wakamiminiwa risasi. Watu wengi waliamini ni kazi ya genge lake, ingawa hakuwahi kuhukumiwa kwa mauaji hayo. Mwaka 1930, dhiki ilipokithiri, alifungua jiko la kugawa supu bure kwa wasio na kazi, na wapo waliomsifu. Hapo tunajifunza kwamba mkono unaotoa hautuambii ulikochukua.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa Capone, daftari ndilo lililompoteza. Wapelelezi walipata vitabu vya hesabu vya nyumba ya kamari, vikaonyesha pesa zilizoingia ambazo hakuzilipia kodi. Mahakamani wakaitwa wenye maduka kueleza alinunua nini: suti, samani, mikanda yenye vifungo vya almasi. Zawadi na fahari ya nyumbani vikageuka ushahidi. Oktoba 1931 alihukumiwa kifungo cha miaka 11 na faini ya dola 50,000, na mwaka 1934 akapelekwa gereza la kisiwani, Alcatraz.

Mae alibaki kulea mtoto na kusubiri. Capone alipotoka mwaka 1939, kaswende ilikuwa imeshamharibu ubongo. Yule aliyeogopwa na jiji zima akawa na akili kama ya mtoto mdogo, na mkewe ndiye aliyemuuguza mpaka akafa Florida, Januari 1947, akiwa na miaka 48. Mae aliishi karibu miaka 40 zaidi. Na mwaka 1966 mtoto wao wa pekee aliliacha kisheria jina la Capone.

Mashoga zetu, tafakarini hilo la mwisho. Tunamchagulia mtoto baba kabla hajazaliwa, na jina atakalolibeba tunalipokea siku ya posa. Chakula cha watoto, mahari yenyewe, hata sadaka tunayoitoa, vyote vinatoka kwenye mfuko ule ule.

Kwa hiyo bibi harusi, muombe walii wako, kaka au mjomba, aulize kwa adabu lakini aulize mpaka mwisho: biashara gani, iko wapi, anashirikiana na nani? Afike dukani, azungumze na majirani na wanaofanya naye kazi. Matumizi yakizidi kazi inayotajwa, msiharakishe kutangaza tarehe. Mwenye chumo la halali hatachukia kuulizwa, hata kama ni genge la mboga au ngarawa moja.

Allah awaruzuku waume wema na riziki safi. Amin.