Kwa Mlima, Kwa Ziwa

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya Exetat mdogo wangu aliponifuata na daftari. Mtumbwi wa kilo 250 unagonga ukuta wa mawe ufukweni kwa mita 2 kwa sekunde, unarudi kwa mwendo uleule.

"Yaya, juu ya nini jibu yangu ni sifuri?"

Alikuwa ametoa 2 katika 2. Mwaka uliotangulia alishindwa mtihani, na baba alikwisha kusema hatalipa mara ya tatu.

Kanuni aliijua kwa moyo, kwa Kifaransa: "quantité de mouvement", "impulsion". Nilipomwomba aniambie kwa Kiswahili, zote zikawa "nguvu", na ile ya ukuta pia "nguvu". Darasani kwetu tungelisifia neno hilo kwa wingi wa maana. Yeye lilimpotezea alama. Nikajaribu "kani" ya vitabu vya Tanzania. Akaniangalia kama nimemtukana.

Nikaacha istilahi. Uvira imebanwa kati ya milima na ziwa, basi kumwelekeza mgeni twasema kwa mlima au kwa ziwa, kisha upande wa Kavimvira au wa Kalundu. Mihimili miwili, x na y, tumekua nayo (nami nimeigundua chuo kikuu!).

Tukachora mtumbwi ukija mshazari: kwa mlima mita 2 kwa sekunde, kuelekea Kalundu mita 1. Unagonga, unarudi kwa ziwa kwa mita 1. Kuelekea Kalundu bado ni 1, maana ukuta, tukiacha msuguano, hausukumi upande huo. Kwenda mlimani tuliita chanya.

"Kumbe kurudi ni hasi," akasema.

Toa 2 katika −1, ni −3. Zidisha kwa 250, ni −750. Upande wa Kalundu, sifuri, na safari hii sifuri ya haki.

Akauliza matairi makuukuu yanayofungwa ubavuni mwa boti yanasaidia nini. Swali hilo lilishinda yote ya daftarini. Badiliko ni lilelile 750, muda ndio unaorefuka. Mgongano ukichukua sehemu ya kumi ya sekunde, ukuta unasukuma kwa wastani wa nyutoni 7500. Tairi likiurefusha hadi nusu sekunde, 1500.

"Basi nguvu ya ukuta inapungua. Ile ingine haipungui."

Akarudi kwenye swali la kwanza, akaandika −2 toa 2, kisha −1000. "Ile ingine" haikupata jina. Pembeni ameandika tu: ya mtumbwi.