Mjusi ndani ya nyumba

Haya jamani, msicheke. Mwanangu kaletewa mjusi wa ndevu, asili yake Australia, na hapa Leicester baridi mnaijua. Mama kaniuliza kwenye simu kama nimerogwa!

Kazi kubwa ni joto. Upande mmoja wa sanduku lake la kioo taa inafikisha kama nyuzi 40, wa pili 25 hivi, ajichagulie. Ipo na taa ya miale ya UVB. Bila hiyo mifupa inalegea, hata nyenje wake tukiwapaka unga wa kalsiamu.

Siku tatu hakula. Mtoto halali, anamchungulia tu. Wenye uzoefu wanasema mgeni huwa hivyo. Namwelewa, mimi nilipofika huku wiki nzima nilishindia chai.

Leo kala nyenje wawili.