Taa Nyekundu Iliyonifunza Kuomba Radhi

Mpenzi msomaji, umewahi kumlaumu mtu mbele ya watu, kisha ukagundua kwamba mkosa ni wewe? Yalinipata mimi, na shahidi alikuwa taa ndogo nyekundu kwenye dashibodi ya pikapu yangu.

Injini ilikuwa imefunguliwa yote na kuundwa upya. Nilitumia karo ya muhula mzima, nikitumaini kuirudisha kwa kubeba viazi hadi Nairobi. Asubuhi ilinguruma vizuri. Ilipopata moto na kusimama kwenye foleni, taa ya oili ikawaka. Nikikanyaga mafuta, inazima.

Nilikwenda moja kwa moja gereji na, mbele ya wateja, nikamwambia fundi kwamba ameniibia. Alijibu tu, "Mzee, tupime kwanza."

Alianza na kijiti cha kupimia oili. Ilifika alama. Taa hakuiamini, kwani swichi yake yaweza kuharibika. Aliing'oa, akafunga geji mahali pake. Kipimo cha mafundi wengi ni kwamba injini iliyopata moto ionyeshe kama pauni 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya dakika. Yangu, kwenye mizunguko 2,000, ilionyesha 11. Taa ilikuwa imesema kweli.

Akabadilisha filta. Wapi! Akafungua karta na kukagua bomba la kufyonza oili, maana likivuta hewa pampu haina la kufanya. Lilikuwa zima. Pampu na vali ya kupunguza presha pia zilikuwa safi. Zikabaki beringi.

"Pampu husukuma oili tu," alinieleza. "Presha huletwa na wembamba wa nafasi inamopita."

Katika injini nyingi za magari madogo, nafasi kati ya beringi na krenki huwa kama milimita 0.05, nyembamba kuliko unywele. Ikipanuka, oili iliyolainishwa na moto humwagika upesi kurudi kwenye karta. Fundi alilaza uzi laini wa plastiki juu ya krenki, akakaza beringi, akafungua, kisha akapima jinsi uzi ulivyobanwa. Nafasi ilikuwa kubwa mno. Krenki yenyewe ilikuwa sawa. Beringi ndizo zilikuwa nyembamba kuliko ilivyoandikwa kwenye kijisanduku chake.

Sasa niulize, msomaji: nani alinunua beringi hizo? Ni mimi. Fundi alinielekeza duka la kuaminika, nami nikapita kwingine nilikouziwa kwa nusu ya bei, bila risiti. Kikulacho ki nguoni mwako.

Dereva mmoja alininong'oneza nitie oili nzito ili taa izime, kisha nimuuzie mtu gari. Usiku sikulala. Deni lilinivuta huku, dhamiri kule. Mama watoto akaniuliza swali moja tu: "Baba Njeri, fundi umemwomba radhi?"

Nilirudi mchana, gereji ikiwa imejaa, nikaomba radhi kwa sauti ile ile niliyomtukania. Kisha nikakopa nikanunua beringi halisi. Leo geji husoma vizuri na taa haiwaki.

Nawe, msomaji, taa ikiwaka nyumbani kwako, pima kwanza kabla hujanyoosha kidole.